Nimetoa Panga Kwenye Sanduku Lako

Kimani wangu,

Ukifika shuleni na kufungua sanduku, utapapasa chini ya ile blanketi ya bluu kutafuta panga uliyoifunga kwa taulo. Hutaipata. Kwenye taulo nimeweka karatasi hizi. Panga ninayo mimi, iko nyuma ya mlango wa jikoni, na kesho nitaikatia ng'ombe nyasi.

Usikasirike kwanza. Soma.

Fomu ya shule inasema slasha, ile ya kufyekea nyasi. Nimeisoma mara tatu, juu mpaka chini, mpaka pale wanapoandika rangi ya ndoo. Haisemi panga. Na wewe siku tatu umekaa pale kwa jiwe ukinoa. Cucu yako, mama yangu, akafurahi, akasema, "Angalieni kijana wa kazi, anaenda kufyekea walimu!" Mimi sikucheka. Mtu anayenoa panga ya nyasi haijaribu kwa nywele za mkono. Na Jumapili nilikuwa nyuma ya tanki nikisuuza mitungi ya maziwa. Nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwamba kutoka hiyo shule mpaka Fort Ternan ni pikipiki moja tu, na siku ya kwanza mkifunguliwa geti utaenda kumwonyesha babako kovu lako, halafu umpatie lake.

Sasa umeenda kwa kinyozi na kununua kufuli. Nina muda mpaka ng'ombe aanze kulia. Sitakuandikia mambo ya soksi na kupiga mswaki, hayo unayajua na usiyoyajua utafundishwa na baridi. Nataka kukuandikia juu ya kovu. Nimejaribu kulisema kwa mdomo tangu ulipopata barua ya kuitwa shule, na kila nikianza, nasikia chumvi imeisha, au kuku ameingia ndani.

Kovu lile la ubavuni kulia si la babako. Ni langu.

Hebu nianze mwanzo ndio usidhani namtetea.

Babako alinipiga. Hilo ni kweli na litabaki kweli. Nilikuwa na miaka kumi na minane, mimba ya miezi sita na nusu hivi, na tulikuwa tunakaa kwa wazazi wake huku juu, kabla hajashuka Fort Ternan. Kazi yangu ilikuwa kukamua. Ng'ombe wanne asubuhi, wanne jioni. Siku hiyo ng'ombe mmoja alirusha mguu, ndoo ikamwagika. Babako alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Nikapiga magoti kuokota ndoo. Akanipiga teke la tumbo na kiatu cha gamboti chenye chuma mbele. Nikainua mkono, akanipiga la pili. Sitasahau alichosema, kwa sababu kilikuwa kidogo sana. Alisema, "Sasa hayo maziwa utaweka wapi?"

Nilianza kutokwa na damu palepale kwenye mavi ya ng'ombe. Jirani mwenye pikapu ya maziwa ndiye alinipeleka hospitali, nimelala katikati ya mitungi, na kila shimo la barabara nilisikia kama teke la tatu. Ukazaliwa kabla jua halijazama. Ulikuwa na uzito wa nusu pakiti ya unga. Hukulia. Ulifungua mdomo kama kifaranga, na kila ukivuta pumzi kifua kilizama ndani mpaka niliona ni kama kinagusa mgongo.

Nesi wa wodi ya watoto wadogo aliitwa Sista Chelangat. Mwanamke mnene, mkali, mwenye mdomo. Jina langu hakuniita hata siku moja, nilikuwa "mama" tu, na wewe ulikuwa "weri", ambayo kwa Kikipsigis ni mvulana. Alikuwekea vipaipu viwili puani, na upande wa pili wa paipu ukaingia kwenye chupa ya maji. Maji yakaanza kutoa mapovu, bubububu, kama uji ukichemka. Akaniambia nisichezee.

"Mapovu yakinyamaza, unaniita. Usiombe kwanza. Unaniita."

Nikamuuliza yanafanya nini. Akanishika ile karatasi ya nailoni niliyokuja nimejifunga kiunoni, kama hizi tunazovaa tukichuna majani chai kwenye umande. Akaikunja na kuifinya.

"Ikikunjwa na maji, kesho inakuwaje?"

"Inashikana."

"Na ukiivuta kwa hasira?"

"Inapasuka."

"Basi mapafu ya huyu ni hiyo karatasi. Hayajaiva. Kila akitoa pumzi yanashikana yote, na kila akivuta inabidi ayabandue upya. Atachoka. Haya mapovu yanaacha hewa kidogo ndani, isiishe yote. Yasishikane. Ni hivyo tu, mama. Hatumpigii upepo kama tairi."

Ukachoka kweli. Siku ya pili ulianza kusahau kupumua. Unapumua, unapumua, halafu kimya, unageuka rangi ya majivu. Sista anakupiga kidole kwenye unyayo, unakumbuka. Mara ya kumi hivi hukukumbuka. Wakakutia paipu kooni, ikaingia mpaka ndani, wakaiunganisha na mashine. Kimani, nimeona ng'ombe akichinjwa na nimeona nyumba ya jirani ikiungua, lakini sijaona jambo lililonifanya nitake kupigana na watu kama kumwona daktari akikupanua mdomo na chuma. Ulikuwa mdogo kuliko kiganja chake. Nilimshika koti. Sista akanibandua mkono kwenye koti la daktari kidole kwa kidole.

Siku ya tatu, mchana, stima ikapotea.

Nataka uone vile ilivyokuwa. Mashine ilipiga kelele mara moja, ikanyamaza. Watu wakasema jenereta itawaka. Haikuwaka. Watoto wawili walikuwa kwenye mashine, wewe na msichana mmoja wa mwisho wa chumba, na Sista alikuwa peke yake. Akachomoa paipu yako kwenye mashine, akaweka mfuko wa mpira wa kubana na mkono, akabana mara tatu nikiangalia.

"Vidole viwili na gumba. Kifua kiinuke kidogo, kama mtu amelala. Bana, acha, acha. Bana, acha, acha. Umeona? Shika."

Akakimbilia yule msichana.

Nilishika. Mara ya kwanza nilifanya vizuri, nakwambia ukweli. Bana, acha, acha. Halafu nikaangalia midomo yako nikaona kama inageuka bluu. Labda haikuwa inageuka, mapazia yalikuwa ya bluu, sijui. Nilichojua ni kwamba unakufa mkononi mwangu na nampa babako nafasi ya kumaliza kazi yake. Hasira ilinipanda. Nilimwona amesimama pale mlangoni na gamboti. Na mkono wangu, Kimani, ulikuwa mkono wa kukamua. Ng'ombe wanane kwa siku. Mkono kama huo ukipewa kitu laini cha kubana unajua kazi moja tu: unafunga vidole vyote kuanzia juu mpaka chini, unafinya mpaka mwisho, unarudia haraka kabla ng'ombe hajazuia maziwa.

Nilikukamua. Sina neno lingine.

Mara ya nne au ya tano, kifua chako upande wa kulia kilipanda na hakikushuka. Nikadhani nimeshinda, umejaa hewa. Nikabana zaidi. Ukageuka rangi ambayo sijaiona tena, si nyeusi si kijani. Ndipo Sista akageuka akapiga ukelele:

"Wee! Unakamua! Umemkamua mtoto!"

Daktari alikuja akikimbia. Chumba kilikuwa na giza kwa sababu ya mapazia, akachukua simu yake, akawasha tochi na kuigandamiza kwenye ngozi yako. Upande wa kushoto mwanga ukabaki nukta. Upande wa kulia kifua chote kikawaka chekundu kama karabai. Nikaona mbavu zako. Nikafikiri ni kitu kizuri. Daktari akasema, "Pafu limetoboka, hewa imejaa nje yake inalibana," na kabla sijaelewa alikuwa ameshakudunga sindano kati ya mbavu. Ikatoa sauti, ssss, kama valvu ya baiskeli. Halafu wakapasua ngozi hapo pembeni na kuingiza paipu nene ili hewa iendelee kutoka. Damu yako ilikuwa kidogo, kama ya kuku. Hiyo paipu ndiyo ilikuachia kovu.

Mwingine angefikiri nilipiga magoti nikakiri. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosa zaidi kuliko pale pa kubana.

Daktari aliinua uso, jasho linamtoka, akauliza, "Nani alikuwa na mfuko?"

Sista Chelangat akasema, "Ni mimi."

Na mimi nikanyamaza.

Alipelekwa ofisini. Alirudi macho mekundu, akavaa glavu, akaendelea na kazi. Baadaye alinikuta koridoni nimejikunja nikitapika maji matupu. Nikaanza kusema, "Sista, mimi..." Akanikata.

"Wewe una kifua cha kukamulia hayo maziwa yako, nenda ukakamue, mtoto atakula jioni. Huko ndiko utumie mkono wote." Halafu akasimama kidogo. "Sikukubeba kwa sababu nakupenda, mama. Sikupaswa kukupatia ule mfuko bila kusimama na wewe. Lakini siku moja huyu weri atauliza. Usimwambie ni Mungu. Mwambie mimi nilikupa, wewe ukabana. Tugawane."

Walipokurudisha kwenye mashine, daktari alipunguza kila kitu. Nilikuwa nimeogopa hata kusimama karibu, lakini nilisikia nesi wa zamu akimwambia, "Daktari, namba za damu yake si nzuri, hewa chafu imebaki nyingi. Tuongeze nguvu?" Naye akajibu, "Hapana. Sitaki namba nzuri, nataka mtoto. Tumpe kidogo, avumilie. Tukilazimisha atoe yote tutapasua na hili lingine." Oksijeni pia akaipunguza, akasema ikizidi itakula macho yako. Nilikuwa nimeamini kwamba anayekupenda anakupa zaidi. Niliketi kwenye benchi nikiona watu wanakupa kidogo, na unaishi.

Siku ya nne babako akaja. Alikuwa amelewa kidogo, si sana. Akasimama kwenye kioo, akakuangalia na hizo paipu zote, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Sasa hii ni nini? Huyu ni panya. Wazime hiyo kitu twende nyumbani, kuna ng'ombe." Cucu yako alikuwa ameniletea uji kwenye thamosi. Nilifungua kifuniko nikamrushia uji usoni, wote, ukiwa moto. Halafu nikampiga na thamosi yenyewe mpaka kioo cha ndani kikavunjika. Nilimpiga sikioni, nikampiga mdomoni, jino likamtoka. Mlinzi alinishika kwa nyuma, nikamwuma mlinzi. Babako aliondoka ameshika uso, na hakurudi. Alama ya moto anayo mpaka leo hapa chini ya sikio, waliomwona wananiambia.

Kwa hiyo lile unalotaka kwenda kumpa, nilishampa. Nilimpa moto, na jino. Nikuambie nilipata nini? Nilitoka pale nimejaa furaha, nikaja kwenye kioo chako kukuambia, na wewe ulikuwa vilevile. Kifua kilikuwa kinainuka kidogo, kinashuka, na paipu ubavuni. Sikuwa nimekusaidia hata pumzi moja.

Siku mbili baadaye stima ikapotea tena. Sista Chelangat alikuwa zamu. Akachomoa paipu, akaweka mfuko, akageuka akaniangalia mimi.

"Shika."

Nikasema, "Siwezi, Sista."

"Nitasimama hapa hapa. Shika."

"Mkono wangu ni mbaya."

"Mkono ni mmoja tu ulio nao. Unachuna majani?"

"Nachuna."

"Majani mawili na kile kichipukizi katikati. Ukivuta kwa mkono wote si utang'oa mti? Basi chuna. Usikamue."

Nikachuna. Vidole viwili na gumba. Bana, acha, acha. Machozi yalikuwa yananidondoka juu ya blanketi na sikuweza kuyapangusa. Nilibana mpaka kidole kikafa ganzi, na Sista amesimama nyuma yangu akinuka dettol, mara moja moja anasema "kidogo zaidi" au "umekaza." Sijui ilikuwa muda gani. Jenereta ilipowaka aliniambia niachie na vidole vilikataa kufunguka. Ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Siku chache baadaye walikutoa mashine ukarudi kwa mapovu, halafu wakatoa paipu ya ubavuni, halafu wakakufunga kwenye kifua changu kwa leso ukalala hapo wiki nyingi, ukipumua na mimi.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa niongezee uongo wangu.

Ulikuwa na miaka saba, nakuogesha kwenye karai nje. Ukaweka kidole pale ukauliza, "Mami, nani alinitoboa hapa?" Maneno ya Sista yalikuwa mdomoni. Nikaona uso wako mdogo, una sabuni kwenye nyusi, nikaogopa ungeangalia mikono yangu kila nikikushika. Nikasema, "Ni babako, ukiwa bado tumboni." Ilitoka rahisi sana. Na nusu yake ilikuwa kweli, kwa hiyo nililala usingizi.

Lakini wewe hukulala. Ulikua na hilo neno. Mwaka juzi ulipompiga yule kijana wa darasa lenu mpaka akashonwa mdomo, mwalimu akakuuliza sababu, ukainua shati. "Mimi nilitobolewa kabla sijazaliwa, mniulize sababu gani?" Ulisema hivyo, nikiwa nimeketi hapo. Na badala ya kusema kweli mbele ya mwalimu, nilikuleta nyumbani nikakuchapa na kamba ya ng'ombe, nguvu yangu yote, mpaka cucu yako akaingia katikati. Mkono wote tena. Nilijua nilichokuwa nikifanya na sikuacha. Hukulia. Uliniangalia tu. Najua siku hiyo ndiyo ulianza kupanga safari ya Fort Ternan, kwa sababu mimi ulinihurumia, ukamtafuta mwingine wa kumlipizia kisasi.

Sikuambii umsamehe. Mimi sijamsamehe, na nikisikia gamboti kwenye saruji bado naweka mkono kukinga tumbo. Siku moja ukitaka kumwona, mwone. Muulize juu ya ndoo, muulize juu ya panya, hayo ni yake, ayajibu. Lakini usiende kwake na kovu ambalo si lake. Ungemkata mtu kwa kazi ya mkono wangu, halafu ungekaa jela maisha yako ukiamini ulikuwa na haki, nami ningekuwa hapa nje nimenyamaza kama nilivyonyamaza mbele ya daktari. Sista mmoja alishanibebea. Nimekataa kubebewa na mtoto wangu.

Mimi bado sijui kila wakati ni kiasi gani kinatosha. Na wewe nimekubana sana, najua, nilikunyima kuogelea, nilikunyima safari ya shule, nilikuwa nakuamsha ukiwa umelala ndio nione kama unapumua. Ulipokuwa na miaka kumi uliniambia, "Mami, niache nipumue." Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kama mjinga, nawe hukujua kwa nini. Sasa unajua.

Ng'ombe ameanza. Na nakuona kwa dirisha, unapanda njia, kichwa kimenyolewa kinang'aa, una kufuli mkononi unairusha juu na kuidaka. Utaingia useme una njaa. Sitasema kitu, nitakupa ugali. Nitafunga taulo vilevile ulivyoifunga, mafundo mawili.

Ukishasoma, weka vidole viwili pale ubavuni, juu ya kovu, uvute pumzi. Pole pole. Ukiwa na hasira bado, na utakuwa nayo, usipande pikipiki ya Fort Ternan. Panda ya kuja huku juu. Aliyekutoboa hayuko huko chini. Yuko hapa, nyuma ya nyumba, anakamua, na akisikia geti atasimama na kugeuka.

Mimi,
mamako Njeri